Wimbo wa Kupura Ulioimbwa Wakati wa Kupanda

Kambi ya reli, njia ya kwenda Bahi, Ugogo

Mama yangu mzazi,

Shikamoo. Ni mimi Maganga, mwanao. Ni mzima, ila mgongo unauma na viganja vimepasuka kama udongo wa kiangazi. Kwanza nataka habari zako. Kifua kilichokusumbua wakati wa baridi kimetulia? Kisima cha bondeni bado kina maji, au mmeanza kwenda mbali? Huku ukimwuliza mtu hali yake anakujibu kwanza kama kwao mvua imenyesha, halafu ndiyo anakuambia habari za watoto. Nami nimezoea. Basi nakuambia kwamba mvua imenyesha. Ilichelewa sana, na kuchelewa kwake ndiko kulikonifanya nikae kimya muda wote huu.

Mwalimu atakayekusomea namwomba asome taratibu. Mwandiko wangu ni wa mtu aliyeiacha shule njiani, na mikono iliyoshika chuma mchana kutwa haishiki kalamu vizuri.

Sasa lile uliloniagiza. Mdogo wako Mihambo nimempata. Yu hai, nimekula naye, nimefanya naye kazi.

Mwalimu, mwache mama kidogo, halafu uendelee.

Uliponisindikiza uliniambia kwamba nisipompata mjomba kabla ya mvua za mwaka huu, ukoo utanyoa nywele, utamwekea matanga, na jina lake atapewa mtoto. Ulisema umechoka kuwa na ndugu asiye hai wala maiti. Maneno hayo nimetembea nayo mpaka huku. Kama bado hamjanyoa, msinyoe. Lakini kurudi kwake nyumbani ni jambo jingine, na hilo siwezi kulisema kwa neno moja. Inabidi nikueleze lilivyokwenda.

Kazi yetu ni kubeba vyuma vya reli na kuvilaza. Chuma kimoja kinabebwa na kundi zima, nasi tumetoka kila mahali: Wanyamwezi, Wasukuma, Wamanyema, Wayao, na Wagogo wachache wa huku. Hatuna lugha moja isipokuwa Kiswahili hiki cha kambini. Chuma lazima kiinuliwe kwa pamoja na kishushwe kwa pamoja. Mmoja akiwahi au akichelewa, mwenzake anavunjika mguu. Kwa hiyo kila kundi lina mwimbishaji. Yeye habebi chuma, anabeba sauti. Wa kwetu alikuwa na homa, na nyapara akatuletea mwingine, mtu mfupi mwenye pengo mbele, zeze begani, amevaa kama Mgogo na anasema kama Mgogo. Tukamdhania Mgogo.

Siku ile ya kwanza wakati wa kupumzika mchana, watu wakamwambia aimbe apendavyo. Nikaona ana tabia moja. Kabla ya kila wimbo anataja aliyempa. Huu nilipewa na Mmanyema fulani, alikuwa na jicho moja, alinipa pale kisimani akingoja zamu ya maji. Huu ni wa mama mmoja wa Kondoa, alikuwa anauza chumvi. Ndipo anaimba. Mmoja wetu akamcheka, akamwuliza kama wimbo ni ng'ombe hata utajiwe mwenyewe. Akajibu kwamba ng'ombe akiibwa hupatikana kwa alama, wimbo hauna alama ila jina.

Halafu akasema, "Huu nilipewa na dada yangu Kalunde, akinibeba mgongoni kwenda kuchota maji, kwetu Unyanyembe, nyumba iliyo chini ya mawe mekundu."

Akaimba ule wa mtoto anayeota meno na kula kidole cha mlezi wake.

Mama, niliuweka uji chini. Nikamwendea nikamwuliza kama huyo Kalunde ana kovu. Akasema analo, la moto, chini ya kidevu, na yeye ndiye aliyemsukuma jikoni walipokuwa wadogo. Akaniuliza mimi ni nani. Nikamwambia mimi ni mwanawe. Akanitazama kuanzia miguuni.

"Alikuwa msichana mwembamba kama ufito," akasema. "Leo ananiletea mtoto mwenye ndevu kuliko zangu."

Akacheka mpaka machozi yakamtoka, na machozi yale yakaendelea baada ya kicheko kwisha.

Maisha yake yalikuwa hivi. Alitoka nyumbani na msafara wa pembe za ndovu, na huku Ugogo akashikwa na tumbo la kuhara. Wenzake wakagawana mzigo wake wakamwacha kwenye nyumba ya tembe ya watu wa huku. Watu wale wakamnywesha maziwa na uji wa uwele mpaka akasimama. Hakuwa na kitu cha kuwalipa, akawaimbia. Wakamlipa wimbo kwa wimbo, naye akaona hiyo ndiyo biashara yake. Tangu hapo akawa anakaa kwenye visima. Unajua nchi hii haina maji, na misafara ilikuwa ikipanga foleni mchana kutwa kungoja kisima kijae. Watu waliokaa bure huimba. Anatoa mmoja, anachukua mmoja. Hachukui bila kutoa, na haimbi bila kutaja. Akaoa mwanamke wa kijiji kile, Nyemo, wakapata mabinti.

Na hili sitakuficha, kwa sababu uliniambia nisikufiche. Alipita Tabora na misafara mara nyingi na hakuja nyumbani. Nilimwuliza kwa nini, tena kwa hasira, kwa niaba yako. Hakujitetea. Alisema kila alipofika Tabora alikuwa na wimbo aliousikia nusu, na mtu mwenye nusu ya pili yuko mbele, na msafara haungoji. Akajiambia atakuja akirudi. Akirudi, kukawa na nusu nyingine. Ndivyo umri ulivyokwenda, mama, na sasa misafara inakatika. Mizigo inapanda gari la moshi mpaka Dodoma, na waliopanda gari hawaimbi, gari lenyewe ndilo linalopiga kelele. Visimani hakuna tena wa kubadilishana naye. Ndiyo maana akaja kwenye reli, kwa kuwa ndiko watu waliko.

Nilimweleza habari ya matanga. Akasema haifai mtu alie bure, atakuja. Kazi yangu ilikuwa inakwisha mwanzo wa mvua, tukapatana tutembee pamoja. Nilikwenda naye kwa mkewe kuomba ruhusa. Nyemo ni mama mnene mwenye sauti ndogo. Kwa vile Wagogo na sisi ni watani, alinikaribisha kwa matusi. Alisema Wanyamwezi huzaliwa na mzigo kichwani, mkunga huutoa kwanza huo ndipo amtoe mtoto. Nikamjibu kwamba Wagogo hunawa uso kwa vumbi na kujifuta kwa vumbi. Akanipakulia ugali na mlenda. Tulipomaliza kula akamwambia mumewe, "Nenda ukamwone dada yako. Lakini zeze utaniachia, nijue utarudi." Mjomba akafunga furushi lake. Nililiona limefungwa, mama. Nataka ujue kwamba alikuwa anakuja.

Wakati huo reli ilikuwa imefika kwenye mashamba ya kijiji kile kile cha Nyemo. Bwana wa kazi, Mzungu wetu, alitaka tuongeze mwendo kabla ya mvua. Nyimbo tulizokuwa nazo ni za kutembea, zinavuta miguu, hazipigi. Chuma kinataka wimbo wenye pigo, watu waweke nguvu mahali pamoja. Mjomba alijaribu wa kupiga makasia kutoka ziwani, ukawa mrefu mno. Akajaribu wa kutwanga, ukawa mwepesi. Mwisho akatoa wimbo wa Wagogo wa kupura uwele, ule unaoimbwa baada ya mavuno, watu wamesimama pande mbili na fimbo zinashuka pamoja juu ya masuke. Ulikaa kwenye chuma kama uliotungwa kwa ajili yake. Tulilaza reli siku ile mpaka bwana akatabasamu, na huyo hana tabia ya kutabasamu.

Na kama kawaida yake, kabla ya kuimba alitaja kwa sauti kubwa, mashambani kukiwa na watu waliokuwa wakisafisha mashamba wakingoja kupanda: "Huu nilipewa na Bibi Mbeho, mjane wa tembe lile pale."

Mawingu yalikuwa yamekwisha kujikusanya upande wa mashariki. Kesho yake yakatawanyika. Yakakaa mbali, siku baada ya siku, jua likawa lile lile.

Huku kuna desturi kwamba wimbo wa kupura hauimbwi kabla ya mavuno. Wanasema mbingu ikisikia watu wanapura itadhani nafaka imekwisha kuingia ghalani, basi itaondoka na mvua yake. Mjomba aliijua desturi hiyo kuliko mimi ninavyoijua njia ya kwetu. Nilimwuliza aliwezaje kusahau. Alisema hakusahau. Alidhani wimbo ukitolewa kwenye uwele ukawekwa kwenye chuma umekuwa wimbo wa chuma. Amefanya hivyo maisha yake yote, kuhamisha nyimbo kutoka kazi hii kwenda kazi ile, na hakuna aliyelalamika, kwa kuwa kila mara alikuwa mbali na mashamba ya wenyewe.

Lakini watu hawakumshika yeye. Yeye ni mgeni, na mgeni hajui. Walimshika Bibi Mbeho, kwa sababu wote walisikia jina lake. Ni mwanamke mzee, hana mtoto wa kiume, na shamba lake hulimwa kwa msaada wa majirani. Wazee wakasema aliyetoa wimbo kwa mtu wa njiani ndiye aliyeifunga mvua. Majirani wakaacha kumsaidia. Ukifika mlangoni kwake kuomba moto au kumpa maji, wanakutazama. Hakuna aliyempiga, hakuna aliyemtukana. Walimwacha tu, na mjane kuachwa wakati wa kulima ni njaa ya mwaka ujao.

Mjomba alipopata habari alikwenda kwake, nami nilikuwa pamoja naye. Tulimkuta anapepeta mbegu uani. Akapiga magoti, akamwambia kosa ni lake peke yake na amekwisha kuwaambia wazee hivyo. Bibi hakuinua kichwa.

"Wamesema nini?" akauliza.

"Wamesema mimi ni mkwe wa kijiji, nakutetea kwa adabu."

"Umeniheshimu kwa kunitaja, mkwe wangu. Ungeniiba ningekuwa salama."

Bibi akaendelea kupepeta, kisha akasema taratibu, kama anayemfundisha mtoto, "Nilikupa wimbo. Sikukupa majira yake."

Tukarudi kambini. Asubuhi nilimkuta amefungua furushi lake na kuchukua jembe la mkewe. Aliniambia hawezi kuondoka. Akiondoka sasa, watasema aliyekuja kuchukua wimbo amekimbia, na yule mzee atabaki na mzigo peke yake. Nikamwambia na dada yako je, naye ni mzee, naye amengoja. Alisema anajua. Mimi nilikasirika, mama, sikusema naye mpaka jioni.

Akawa analima shamba la Bibi Mbeho kila saa aliyoiba kazini. Kimya. Hakuimba, zeze halikuguswa. Na kambini alikataa kuimbisha wimbo ule. Bwana wa kazi akamwita, akataka kujua kwa nini reli zimerudi kwenda polepole. Mjomba akamweleza habari ya mvua, na nyapara akatafsiri huku anacheka. Bwana hakucheka. Akaamuru apigwe viboko, akapigwa mbele yetu, na alipoinuka akasema tena kwamba wimbo ule hataimba. Siku hiyo tulibeba chuma bila wimbo, tukihesabu tu kwa Kiswahili, na Msukuma mmoja rafiki yangu kikamwangukia mguuni. Vidole vyake viwili havitarudi. Nilimchukia mjomba siku ile. Nakuambia nilivyoona moyoni mwangu, siyo ninavyopaswa kusema.

Kesho yake alikuja na wimbo ambao sijawahi kuusikia, wala hakutaja aliyempa. Ulikuwa majina yetu tu, la mmoja baada ya jingine, kila jina likiangukia mahali pa pigo. Maganga, inua. Ndahani, inua. Na la yule Msukuma aliyelala hemani akaliweka mwisho, hapo ndipo chuma kinaposhushwa. Watu walipenda kusikia majina yao. Mmanyema mmoja akamwuliza huu umepewa na nani, akajibu, "Nimepewa na ninyi, na hauna majira." Reli zikaenda. Nikaanza tena kusema naye.

Siku za mapumziko alipokwenda kulima nilimfuata, na watu wengine wa kundi letu wakafuata. Tulikuwa watu wa makabila yote tukilima shamba la mjane mmoja wa Kigogo, naye amekaa kwenye kivuli cha tembe lake anatukosoa. Alisema Wanyamwezi wanalima kama wanaotafuta kitu walichoangusha. Majirani walisimama wakatazama. Mwanzo walitazama tu. Halafu mwanamke mmoja akavuka mpaka na jembe lake, akaingia safuni karibu na Nyemo bila kumsemesha mtu.

Mvua ilikuja mchana mmoja tukiwa kwenye reli. Sitakudanganya kwamba ni jembe la mjomba lililoileta. Ilikuja kama inavyokuja. Lakini tulipofika kijijini tulikuta wazee uani kwa Bibi Mbeho, wamelowa, wanamwamkia kama zamani. Nikaona njia imefunguka. Nikamvuta mjomba pembeni nikamwambia sasa twende, kazi yangu imekwisha, ardhi ni laini, tutafika nyumbani mahindi yakiwa mabichi.

Kabla hajanijibu Bibi Mbeho akamwita katikati ya watu. Alimwambia kwamba mdomo ulioimba kabla ya wakati lazima uimbe kwa wakati, la sivyo mvua ikichelewa tena mwaka ujao watu watakumbuka. Basi uwele ukivunwa, yeye Mihambo ndiye atakayesimamisha wimbo wa kupura, kwenye uwanja wake, mbele ya kijiji chote. Wazee wakaitikia. Mama, huku hakuna mtu wa kuja aliyewahi kupewa jambo hilo. Mjomba huchukua nyimbo za watu na kwenda nazo, wala hajawahi kuombwa abaki na mmoja. Nilimwona uso wake, nikajua kabla hajafungua mdomo.

"Nitaimba, bibi," akasema.

Kisha akageuka akanitazama mimi. Aliona aibu, lakini aibu yenyewe ilikuwa ndogo kuliko furaha.

Tulikaa pamoja mpaka hasira ikaniisha. Nikamwuliza baada ya kupura atakuja? Alisema anaweza kuniambia ndiyo, kama alivyojiambia mwenyewe kila alipopita Tabora, na ndiyo ile anaijua. Hataki nikuletee nyingine kama hiyo. Nikamwuliza basi nikuambie nini. Alifikiri sana. Maneno yake naandika kama alivyoyasema:

"Mwambie dada asinilie, na asinisubiri."

Nilimwambia hayo ni mambo mawili yasiyokaa pamoja. Akasema yanakaa, nimwulize Nyemo. Nikamwuliza kweli. Nyemo alisema mumewe akisafiri yeye hapiki chakula chake wala hamlilii. Siku akitokea mlangoni, anaongeza maji kwenye sufuria, basi. Alisema mwanzo ilimuuma, siku hizi anaona ndivyo alivyo mtu wake.

Mimi sijui kama wewe unaweza hivyo. Naona ni vigumu zaidi kwako, maana ulimbeba. Lakini matanga msiyafanye. Mtu anapalilia, ana wajukuu, na viboko vya mgongoni vimekauka. Jina lake likipewa mtoto si vibaya, naye mwenyewe amesema hana wivu, apewe tu. Ila msilitoe kama jina la marehemu.

Mimi natoka hapa mwezi ukiandama, na Wasukuma wawili wanaorudi kwao. Bwana ametaka nibaki, amesema reli itafika Tabora yenyewe na mimi juu yake. Nimemjibu kwamba mgongo wangu hauwezi kungoja. Siji na mjomba, wala sina kitu kikubwa cha kukuletea. Lakini tangu siku ile amekuwa akinifundisha kila jioni, kidogo kidogo, na kila wimbo kwa jina la aliyempa. Sauti yangu unaijua, usitegemee makubwa.

Nisalimie baba mkubwa, umwambie ile ndoto yake ya maiti ya mjomba ilikuwa ya mtu mwingine. Nisalimie shangazi mwenye duka la chumvi, na kaka yangu mkubwa na mkewe, na yule dada yangu wa mwisho ambaye sasa labda amekwisha kuolewa bila mimi. Kaka mdogo anayechunga mbuzi mwambie Wagogo nao wanachunga, na wanawacheka wanaochunga mbuzi tu. Mjomba anakusalimu, na mkewe Nyemo anakusalimu, anasema akikuona atakutukana vizuri, kama wifi na kama mtani.

Ni mimi mwanao Maganga, mbeba vyuma.

Nimeisoma tena barua hii nikaona sikukuandikia wimbo wa kwanza alionifundisha, nami naogopa nitausahau njiani. Ni ule wa mtoto na kidole. Alinikalisha akanisahihisha mara nyingi, akasema nyumbani mnauimba mmeruka ubeti. Ubeti wenyewe ndio huu, mwalimu akusomee:

Uma taratibu, kidole ni kimoja,
nitakihitaji kesho kukuonyesha njia.

Amesema uliutunga wewe, mkiwa kisimani wawili tu, na kwamba huenda umesahau.